Mahali Alipozaliwa Mama

Jumapili, 5 Agosti 2012. Kasulu

Sauti imekauka kabisa. Leo ilikuwa harambee ya ukumbi wa chama. Wote walidhani hatutafika hata nusu — tumevuka lengo kabla ya saa nane!

Mbinu ni ileile niliyojifunza kanisani. Mimi simwombi mtu. Namwita mbele mama muuza mihogo, anaahidi bati moja. Naisoma ahadi yake kwenye kipaza sauti mara mbili, na jina lake na la kijiji chake. Halafu nanyamaza. Nanyamaza tu, huku namtazama tajiri wa mstari wa mbele. Leo mwenye mabasi alivumilia kama dakika moja hivi, akasimama mwenyewe: bati mia. Mwenye vituo vya mafuta naye akaona haya, akasema mia mbili. Watu wakapiga vigelegele utadhani harusi.

Mheshimiwa, mgeni rasmi wa harambee, alinifuata hadi kwenye kiti changu. Akauliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi ni mkurugenzi wa kampuni ya kununua maharage na kahawa, mwaka wa kumi na mbili sasa. Akacheka. Akasema mtu kama mimi kukaa anapima maharage ni hasara kwa taifa.

Nimemsimulia Herieth. Mke wangu huyu ni Mpare, mwalimu wa chuo cha ualimu, hasifii ovyo. Kasema tu nivue viatu, natia vumbi sebuleni.

Alhamisi, 13 Desemba 2012. Kasulu

Nimeacha kampuni. Wafanyakazi walininunulia saa ya ukutani. Nimebaki na Japhet tu, dereva wangu, kakataa kuachwa.

Kuanzia Januari mimi ni mchangishaji wa chama, kanda nzima. Mheshimiwa kanitajia jambo kwenye simu, kwa kuzungukazunguka. Kuna vituo vya ubalozi vitakuwa wazi. Wanatafuta watu wa biashara, wanaojua kuongea na wenye fedha. Nikamwambia mimi ni mtoto wa kijijini Titye tu, Mheshimiwa. Akajibu: ndiyo hao tunaowataka.

Balozi Longinus Kipriani. Nimeliandika nyuma ya bahasha kuona linavyokaa. Linakaa vizuri. Mtu mzima mimi, mambo ya aibu!

Jumanne, 18 Juni 2013. Kasulu

Fomu za upekuzi zimefika. Kurasa kumi na moja. Nimejaza tangu asubuhi, mkono unauma.

Swali la tisa: Mahali alipozaliwa mama.

Nilitoka nje. Nikarudi. Nikanywa chai. Nikatoka tena.

Ukweli ninao, hapa naweza kuuandika. Mama kazaliwa Burundi. Mwaka 1972 alivuka mto Malagarasi akikimbia mauaji, mimi niko mgongoni, mtoto wa miezi mitano. Mzee Kipriani wa Titye akamwoa. Alitoa ng'ombe watatu kwa mjomba wangu, aliyekuwa ametangulia kuvuka na kupata shamba Gwarama. Mimi akanipa jina la Longinus, jina la baba yake. Kuanzia siku ile hakuna aliyeuliza tena. Kwetu mwanamke akishatolewa ng'ombe ni wa hapo, na mtoto aliyepewa jina la babu ni wa hapo. Nimesoma kwa jina hilo, nimepata pasipoti kwa jina hilo. Mzee alifariki akiniita mwanangu.

Lakini fomu haina nafasi ya ng'ombe.

Nikaandika: Titye. Pa kwangu nikaandika Titye. Pa mama nikaandika Titye. Nikasaini. Kalamu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 20 Julai 2013. Kasulu

Nimempeleka mama Gwarama.

Hofu yangu ni kwamba wapekuzi wakifika Titye watamkuta barazani. Watamsalimia. Mama hajui kusema uongo, na mambo ya 1972 anayasimulia kwa mtu yeyote anayempa sikio. Kwa hiyo nikamwambia mama kwamba mke wa Nsengimana, mtoto wa marehemu mjomba wa Gwarama, karibu anajifungua, anahitaji mtu mzima nyumbani. Mke wa Nsengimana kweli ni mjamzito. Miezi mitatu tu!

Sikumwambia mama aende. Nilisema tu Nsengimana amezidiwa, halafu nikanyamaza. Akaanza mwenyewe kukunja kanga zake.

Njia nzima alikuwa akipiga soga na Japhet. Tulipofika Gwarama akanishika kichwa kwa mikono miwili kama bado nina miaka saba. Mwana wanje, akasema kwa Kiha, mwanangu, hiyo kazi yao isikukondeshe.

Jumatano, 7 Agosti 2013. Titye

Wamekuja, wameondoka! Hilali, mwenyekiti wa kijiji, kanieleza yote. Maafisa wawili, wapole. Walikaa muda wa kunywa soda. Waliuliza huyu ni mtoto wa nani, kila mtu akajibu wa Kipriani. Waliuliza mama yuko wapi, wakaambiwa kaenda kuhudumia mzazi. Wakaandika, wakaaga.

Halafu Hilali akaniuliza mbona nimemhamisha mama. Nikasema ni mambo ya mjukuu. Akanitazama. Akasema hata angekuwepo hapa barazani, nani angefungua mdomo? Huyu ni mama wa kijiji. Kazalisha nusu ya watoto wa hapa. Wewe ulimficha nani, na ulimficha kwa nani?

Nikacheka. Nikamwachia kilo mbili za sukari kwa ajili ya wajukuu zake.

Jumatatu, 16 Septemba 2013. Kasulu

Nsengimana kapiga simu saa moja asubuhi. Analia.

Operesheni ya kuondoa wahamiaji imefika Gwarama tangu juzi. Wamemchukua shangazi, alisema. Yeye mwenyewe alikuwa na karatasi zake za kusubiri uraia, akaachwa. Mama hana karatasi yoyote. Ndoa yake ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe hawatoi cheti. Mwenyekiti wa kule aliulizwa kama anamjua. Akasema ni mgeni, ana miezi miwili tu hapa.

Kasema kweli yule mwenyekiti! Mgeni, miezi miwili. Titye ana miaka arobaini na moja. Titye wangesimama kijiji kizima. Ni mimi niliyemtoa mahali pekee duniani anapojulikana, nikampeleka kukaa mpakani. Ni mimi.

Waliokamatwa wako Kibondo, lori la kuwarudisha Burundi linaondoka Jumatano. Alhamisi nina usaili Dar.

Herieth kauliza kwa nini nimepauka. Nimemwambia ni presha.

Jumanne, 17 Septemba 2013. Kibondo

Tulitoka Kasulu giza halijatoka. Nilipanga njia nzima nitakavyosema. Nilipanga vizuri sana. Kupanga maneno ndiyo kazi yangu.

Kuna uwanja umezungushiwa turubai. Watu kama sitini ndani, na mabegi, magodoro, kuku. Japhet akaegesha ng'ambo ya barabara. Nikamwambia tangulia wewe, uliza utaratibu.

Alikaa nusu saa. Karudi na utaratibu, na ni rahisi kupita nilivyotegemea. Afisa kasema hata yeye hapendi kumsafirisha bibi kizee. Aje ndugu wa damu, mwenye kitambulisho. Aandike maelezo: bibi kazaliwa wapi, kaingia lini, kaolewa na nani. Ukurasa mmoja. Akisaini anaondoka naye leo leo, mengine yatafuatiliwa Kasulu.

Ukurasa mmoja wenye jina langu, unaosema kinyume cha ukurasa mwingine wenye jina langu. Siku mbili kabla ya usaili.

Nikamuuliza Japhet, wewe huwezi kusaini? Kasema kajaribu, bosi. Wameuliza yeye ni nani kwake. Kasema dereva.

Nikashika kitasa cha mlango. Naandika hivi ili nisije kujidanganya baadaye: nilikishika. Nilikishika muda mrefu. Mama alikuwa kakaa juu ya furushi lake upande wa pili, kajifunika kanga kichwani kwa ajili ya jua. Gari langu analijua, hakuna jingine la rangi ile wilaya nzima. Aligeuza uso kulitazama mara moja, akarudisha uso kwa wenzake.

Japhet alirudi tena kumpelekea maji na mkate. Mama kamuuliza kama mimi nimo garini. Kaambiwa ndiyo. Kasema mwambie asishuke, hawa watu wanaandika kila kitu. Halafu kauliza kama nimekula.

Japhet alinieleza hayo akiwa ameshika usukani, hanitazami. Tukaondoka. Mjini tulisimama kwenye mgahawa. Wali na maharage. Nilimaliza sahani.

Jumatano, 18 Septemba 2013. Kigoma

Nasubiri ndege. Nsengimana kapiga: lori limeondoka saa tatu.

Tai ya bluu au nyekundu? Mheshimiwa kashauri ya bluu.

Jumatatu, 10 Februari 2014. Kasulu

Nilimtuma Japhet avuke mpaka akamtafute mama. Kampata. Yuko kwa watoto wa binamu yake, watu ambao hakuwa akiwajua hata majina. Wamempa chumba cha mbuzi, kakifagia. Ujumbe wake: nipo, nasali. Usitume mtu tena, huku wanauliza huyu bibi anatembelewa na gari la nani.

Herieth kayapata yote kwa Japhet. Hakupiga kelele. Kahamishia vitu vyake chumba cha watoto, chupi hadi Biblia. Kasema mama mkwe alimfundisha kupika ugali wa muhogo usio na mabonge, na yeye kazi hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha tangu azaliwe. Ndipo akalia.

Alhamisi, 17 Aprili 2014. Kasulu

Imetangazwa. Balozi.

Simu zimeita tangu alfajiri. Jioni sherehe ukumbini: kwaya, mbuzi watatu, hotuba. Padri kaomba mama wa Balozi asimame apigiwe makofi. Watu wakageuka kumtafuta. Nikachukua kipaza sauti, nikasema mama ni mzee, hali yake hairuhusu safari. Watu wakamwombea.

Hilali wa Titye alikuwa mstari wa tatu. Hakuinamisha kichwa.

Jumatano, 20 Mei 2015. Kasulu

Mwaka mzima sijafungua daftari hili. Kule kituoni ni baridi, watu wanakula saa kumi na mbili jioni na kulala. Kazi naiweza. Chakula cha hisani, hotuba fupi, kimya. Kumbe matajiri wa kule ni kama wenye mabasi wa Kasulu, tofauti ni lugha tu.

Nimeleta wafadhili wanne. Burundi kumechafuka tena tangu mwezi uliopita, watu wanavuka kwa maelfu, kambi ya wakimbizi hapa Kasulu imefurika. Wizara imesema nani atawaongoza wageni kama si mtoto wa hapa.

Nyumbani Herieth kanipokea begi. Kanitengea chakula, kaenda kusahihisha mitihani.

Nilimuuliza Japhet kama ana habari zozote za kule. Kasema wale ndugu wamekimbia, nyumba imefungwa. Bibi hajulikani alipo.

Ijumaa, 22 Mei 2015. Kambini, Kasulu

Naandika mchana, ofisi ya kambi, kwenye kona ya meza. Wageni wanakula kwenye hema la pili. Nimesema tumbo linanisumbua.

Tulianzia kwenye uandikishaji. Foleni ndefu, matope, watoto wanakohoa. Karani ni binti wa Dodoma, Evaline, hajui Kirundi wala Kiha chetu kinachokaribiana nacho. Mkalimani wake alikuwa kampeleka mgonjwa zahanati. Mgeni mmoja akachangamka: lakini Balozi lugha hii anaijua! Katuambia ndani ya ndege! Wakatoa kamera. Nikasimama kando ya meza, nikakunja mikono ya shati. Nilifurahi, naapa. Nilitafsiri watu saba. Jina, umri, mlikotoka, ndugu walioko Tanzania.

Wa nane alikuwa mama.

Kakonda. Mguu mmoja kaufunga kitambaa. Alinijua kabla sijamjua, kwa sababu nilipoinua uso tayari alikuwa kanitazama na hakushtuka. Akapiga makofi taratibu akanisalimia kama mkubwa wa serikali: Mwakeye. Mikono ileile.

Jina? Nikauliza. Nilimuuliza mama yangu jina! Esteri Ndayikunda, akasema. Nikatafsiri. Umri, hajui vizuri. Nikatafsiri. Evaline akaandika. Akasoma swali la mwisho: muulize kama ana ndugu yeyote Tanzania. Akiwa naye, anakwenda kwake. Asipokuwa naye, anabaki kambini.

Nikauliza. Sauti ilitoka ya kwenye kipaza sauti, sijui kwa nini.

Mama hakujibu. Alinyamaza tu, akanitazama. Wageni wakasubiri. Kamera ikasubiri. Jasho likanishuka hadi kwenye mkanda. Halafu akasema kwa Kiha, polepole, kama anayemweleza mtoto: sema wewe, baba. Utakavyosema, ndivyo waandike.

Kasemaje? wakauliza.

Nikasema amechoka, apewe maji kwanza. Evaline akaiweka kadi pembeni, akamwita wa tisa.

Hiyo ni saa nzima iliyopita. Namwona kupitia mlangoni, kakaa kwenye benchi, kikombe kiko chini, hajakigusa. Nikisema, fomu yangu ni ya uongo na ubalozi umekwisha leo, mbele ya wageni, mbele ya kamera. Nisiposema —

Nimesimama mara mbili. Nimekaa mara mbili.

Evaline huyo anakuja na kadi. Yuko mlangoni. Anasema samahani Mheshimiwa Balozi, foleni haisogei, yule bibi wa maji, ile sehemu ya ndugu nimwandikeje