Mkwe Njiani Siku ya Mtihani

Mjukuu wangu Athmani,

Salamu zako zimefika, nasi hapa Likoni tu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako Zuhura anakusalimu. Goti lake limetulia, ulimi bado.

Waniuliza kama nami niliogopa mtihani wa leseni, kama uuogopavyo wewe huko Nairobi. Wallahi niliogopa. Kazi ya lori nilishaahidiwa, na mamake Zuhura alikuwa amesema hamwozi mwanawe kwa kijana asiye na kazi.

Siku yenyewe serikali ikaniletea mkaguzi, Mzungu asiyecheka, akakaa kando yangu na karatasi zake. Kwenye njia ya Mtongwe namwona mama yuyo huyo aja kwa miguu, kikapu mkononi. Nikimpita bila salamu, mke sina. Nikisimama, huenda leseni sina.

Nikatoa mkono dirishani kuashiria, nikaingia kando taratibu, nikavuta breki ya mkono, nikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari la nani hili?"

"La mtihani, mama."

"Na huyo aliye ndani?"

"Ndiye anitahiniye."

"Haya, nifikisheni nyumbani. Jua kali."

Akapanda nyuma. Tukamshusha mlangoni kwake. Ndipo mkaguzi akaandika, akaniambia kwa Kiswahili chake kizito, "Wewe wa kwanza leo kusimama vizuri."

Leseni nikapata, na Zuhura nikaozwa. Mama mkwe naye akawa awaambia majirani kuwa mkwewe ni dereva mkubwa, hata serikali imempa Mzungu awe utingo wake.

Ni mimi babu yako, nikuombeaye heri njiani.