Jiwe Lililochemka Katika Chetezo cha Bibi

Kwa baba yangu, huko uliko Mtopanga,

Shikamoo. Naitanguliza salamu hii kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kwa sababu sitaki yeyote atakayeisoma barua hii aseme kwamba chuo kikuu kimenivua adabu. Naiandika wazi kwa kuwa Mama mdogo Rukia naye alishtakiwa wazi, mlango ukiwa haujafungwa na majirani wawili wameketi mkekani wakisikiliza. Simu zangu hupokei. Labda maandishi utayapokea.

Nianze na siku uliyonipa lile jiwe, maana siku hiyo nilikupenda kuliko siku nyingine yoyote ninayoikumbuka. Nilikuwa na miaka minane. Ulikuwa umerudi kutoka bara na lori, vumbi jekundu limekushika hadi kwenye kope, na kabla hujavua viatu ukanikabidhi kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ulisema umekiokota Bonde la Ufa, mahali walipokata kilima kupitisha barabara, ulipokuwa ukingoja gurudumu libadilishwe. Lilikuwa jiwe jeusi lenye matundu matundu. Ndani ya tundu lililo kubwa kuliko yote zilibanana fuwele nyeupe, bapa, zimekusanyika kama miganda ya mpunga iliyofungwa kiunoni, na ziling'aa kama upande wa ndani wa kombe la chaza.

"Unajua nini hiki?" uliniuliza.

"Chumvi."

"Haya, onja."

Ulionja wewe kwanza, kisha mimi. Ukatema pembeni, ukacheka hadi mama akachungulia kutoka jikoni, mkono kwenye tumbo lake kubwa. "Si chumvi, binti yangu. Wala si shabu, maana shabu ingekukamata ulimi. Hiki hakina ladha kabisa. Jiwe tu, limejipamba kama bi harusi."

Ulimi wako ulijua, baba. Nakuomba ulishike hilo neno hadi mwisho wa barua.

Mwezi ule ule akazaliwa mdogo wangu, na Mama mdogo Rukia akavuka kutoka Kisauni kuja kwetu Timbwani kumlea dada yake mpaka arobaini iishe. Hukumpenda, lakini nyumba nzima ilitulia alipoingia. Alipika uji wa pilipili manga, alimkanda mama, alimwosha mtoto, na kazi yangu ya vyombo aliikagua kama karani wa bandarini. "We mwanamke," alikuwa akiniambia, "sufuria hii ukiniletea tena na ukoko, nakurudisha tumboni ukaoshwe upya." Alikuwa ameachwa na mumewe kwa kukosa mtoto. Sikujua wakati huo kwamba jambo hilo pekee lilitosha kumfanya ashukiwe katika nyumba yenye kitoto kichanga.

Mtoto akaanza kulia. Akalia siku tatu, hanyonyi, halali. Ijumaa, baada ya alasiri, bibi, mama yako, akaagiza chetezo na makaa ukumbini. Wasomaji wa mbali huenda hawaijui desturi hii, nami siielezi kwa dharau. Shabu ni ule mgando mweupe, mfano wa chumvi, uuzwao dukani. Ukiutia juu ya makaa huyeyuka, ukafura povu, kisha ukakauka na kuacha umbo. Mwenye kusoma hulitazama umbo hilo akamtaja hasidi aliyemtupia mtoto jicho.

Kopo la shabu lilikuwa tupu. Bibi akasogea dirishani, ambako nilikuwa nimezipanga zile fuwele zangu, nilizozichokoa kwa msumari ili nichezee duka. Akachukua kipande kilicho kikubwa. Nikasema, tena kwa sauti, "Bibi, hilo ni jiwe la baba."

Akakugeukia. "Ati ni jiwe lako hili?"

Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Ulinitazama, ukamtazama Mama mdogo aliyekuwa amembeba mtoto begani, kisha ukasema: "Mtoto huyo anacheza tu. Endelea, mama."

Bibi akakizungusha kile kipande mara saba juu ya kichwa cha mtoto, akakitia kwenye makaa. Jiwe halikuyeyuka. Hilo ndilo ambalo kila mtu aliyewahi kuona shabu ikichomwa angepaswa kulishangaa. Lilitokota kwa sauti ndogo, likafura, likapasuka tabaka tabaka, zikajikunja kila moja upande wake kama kitambaa kinachovutwa. Bibi akainama. "Leo imesema! Haijapata kusema hivi. Tazameni ushungi ule. Tazameni bega, na mtoto juu yake. Wallahi, ni yuyu."

"Mimi?" Mama mdogo alisema. "Mimi ninayemwosha? Mimi nisiyelala?"

"Asiye na chake hulilia cha mwenziwe."

"Shemeji," akakwita wewe. "Shemeji, sema neno."

Mama alikuwa chumbani, kitandani, bado mzazi. Tulimsikia akiita jina la dada yake. Ukasema neno moja: "Nenda." Kabla ya magharibi alikuwa kwenye feri na furushi lake la nguo. Siku ya pili yake sikio la mtoto likatoa usaha, mama akampeleka zahanati, mtoto akapewa dawa ya matone, akalala. Hakuna aliyevuka kwenda Kisauni kumwambia. Bibi alisema usaha ule ndio ile husuda inavyotoka. Amefariki akiamini hivyo, na mimi siwezi kubishana na kaburi.

Naweza kubishana nawe. Mwaka wangu wa pili chuoni, mhadhiri wetu wa jiolojia aligawa sampuli mezani, na yangu ilikuwa miganda ile ile myeupe ndani ya jiwe jeusi lenye matundu. Inaitwa stilbaiti, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kung'aa. Imo katika ukoo wa zeolaiti, na jina la ukoo, la Kigiriki vilevile, maana yake ni jiwe lichemkalo, kwa kuwa aliyeupa jina alipasha moto madini ya namna hii akayaona yakitokota kama maji ya chai. Tuliambiwa tuipashe moto katika bomba la kioo. Ikafura, ikapasuka, ikajikunja, na kwenye kioo cha juu yakatanda matone ya maji. Machozi yalinitoka, mhadhiri akadhani ni moshi, akafungua dirisha.

Ni maji, baba. Stilbaiti imejengwa kwa kalisi, sodiamu, alumini na silika, na umbo lake la ndani lina vijumba vidogo sana vyenye maji. Moto ukifika, maji hutafuta pa kutokea. Huo ndio ushungi, na hilo ndilo bega. Madini haya huzaliwa katika miamba ya volkano, pale maji ya moto yanapopita polepole kwenye mashimo yaliyoachwa na gesi lava ilipopoa. Ardhi ya Timbwani ni matumbawe na mchanga. Ungechimba kisima hadi uzeeke usingepata hata punje yake. Kwa hiyo jiwe lililosomwa siku ile halikuweza kuwa limetoka popote ila chini ya kiti cha lori lako. Nilipata alama ya juu kuliko wenzangu wote katika zoezi hilo. Sikumwambia mtu kwa nini.

Miaka mingi nilikutetea moyoni. Nilijiambia ulimwogopa mama yako, na kumwogopa mama si dhambi. Mwezi uliopita nilikwenda Kisauni kumwalika Mama mdogo kwenye dua ya mahafali yangu. Ana cherehani mbili sasa, na miwani. Nikamweleza habari ya jiwe, kwa fahari ya msomi, nikidhani namletea zawadi. Akaendelea kukata kitambaa.

"Mwanangu, kwamba si shabu mimi nilijua palepale. Nimechoma shabu tangu utoto." Kisha akaweka mkasi chini. "Siku tatu kabla yake nilimwambia baba yako: habari ya huyo mwanamke wako wa Mtopanga, mwambie dada wewe mwenyewe, kabla sijamwambia mimi."

Basi. Sikuwa na swali lingine. Hukumwogopa mama yako siku ile. Bibi alikosea kwa imani. Wewe ulisimama mlangoni ukaona kosa la mama yako linakufaa, ukamwambia aendelee. Nami ukanifanya mwongo nikiwa na miaka minane, mbele ya watu, kwa neno la kweli.

Wenzangu wameniambia nimalize kwa funzo, kwamba zeolaiti ikipashwa moto wa kiasi hupoteza maji kisha huyarudisha, na kwa hiyo hata wewe unaweza kurudi. Ni kweli kuhusu zeolaiti. Ikichomwa kupita kiasi vijumba vyake huporomoka, na hilo pia ni kweli. Lakini sitalisemesha jiwe. Nyumba yetu imekwisha kuona yanayotokea jiwe linaposemeshwa.

Mama mdogo amekataa mwaliko. Alisema, "Aliyenitoa mlango ule ni yeye. Anirudishe yeye." Dua ni Ijumaa, baada ya alasiri, Timbwani, ukumbi ule ule wa nyumba yetu. Wale majirani wawili wako hai na wamealikwa. Sikuombi uombe radhi kwa ya Mtopanga. Hilo mama alikwisha kulinyamazia mwenyewe. Wala sikuombi unipongeze. Simama mlangoni ulipokuwa umesimama, maneno yako nimekuandalia, hayazidi manne: "Lile jiwe lilikuwa langu."

Ukija, nitavuka mwenyewe kwenda kumchukua. Usipokuja, sahani yake itawekwa, ikae mbele ya watu, nami nitawaambia ni ya nani.

Mimi,
binti yako, aliyesema kweli mara ya kwanza