Kasanduku ka Shaba ka Papa

Shituru, Likasi

Yaya Zéphirin, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana, weye pamoja na Julie na watoto. Natumaini barua hii itawakuta salama huko Lubumbashi. Chérie wa jirani ndiye anayekuletea, anakuja kumuona dada yake. Sikutaka kukuandikia kwa telefone, kwa sababu telefone yangu ndiyo Dodo anashinda nayo kitandani.

Hapa nyumbani tunaamka salama, asifiwe Bwana. Mama iko na mugongo wake uleule, lakini haachi kwenda kwenye maombi. Papa iko muzima wa mwili. Najua unajiuliza kwa nini anaona namba yako na kuacha telefone ilie mpaka inyamaze. Nitafika hapo, univumilie. Nikianza na mwisho sitaimaliza barua hii.

Mudogo wetu Dodo, muguu aliovunja kwenye pikipiki unaunga vizuri. Daktari anasema atatembea, hata pikipiki ataendesha. Roho yake ndiyo imekataa. Amemuambia Mama auze pikipiki, yeye aliyekuwa analala na kofia ya mashindano karibu na muto. Anasema hakuangushwa na matope. Ni yeye hana mukono wa kuendesha, na wote waliomusifu walikuwa wanamuhurumia tu. Yaya, kumusikiliza ni kazi.

Nikurudishe nyuma kidogo. Unakumbuka Bertin, mukubwa wa kundi lao la mashindano ya pikipiki, alivyokataa kupima mizunguko kwa saa za mukononi, maana kila ndugu aliyeshika saa alimupendelea wa kwao. Akataka kila muntu apimwe na application ya telefone, inayojua yenyewe pikipiki imepita mustari. Telefone peke yake ilikuwa inakosea, ndipo ukatutumia kale kamashini ka GPS. Nilifanya ulivyonielekeza: nakafunga nyuma ya kiti, nangoja taa yake nyekundu igeuke bluu, maana yake kamezipata satelite, kisha nakaunganisha na telefone iliyo mufukoni mwa Dodo. Dakika za mizunguko zilitoka nzuri, zinafuatana karibu sawasawa. Bertin akasema mutoto huyu atakuja huko kwenu kushindana.

Halafu Papa akaingia. Unamujua: maisha yake yote kwenye fonderie, kuyeyusha shaba, na pikipiki hakuzipenda hata siku moja. Alikuwa hamusemeshi Dodo juu ya mambo hayo. Siku moja akaona jiwe limekwaruza kale kamashini. Akaenda nyuma ya nyumba, akakata shaba, akagonga, akasugua, akarudi na kasanduku kazuri sana, kafuniko kake kanabana kabisa, ubavuni ameacha katundu ka waya wa kuchaji. Kwetu hapa kitu cha thamani kinavikwa shaba, nani angekataa? Dodo alilia. Jumapili ile Papa alikuja Kambove, wanakofanyia mazoezi, kumutazama, mara ya kwanza.

Tangu hapo hesabu zikaharibika. Muzunguko mumoja mufupi ajabu, unaofuata murefu kama vile alisimama kunywa maji. Mvua zilikuwa zimeanza, tukasema ni matope. Application ilionyesha imeunganishwa na kamashini, nami sikuwaza mbali. Bertin akatangaza mbele ya wote kwamba mwendeshaji asiye na kipimo cha kuaminika hapelekwi kwenye mashindano popote, na Papa alikuwa amesimama palepale. Basi Dodo akaanza kulazimisha kona ya kwenye kifusi, apate kuonyesha kwamba yeye si wa kubahatisha. Pale ndipo pikipiki ilimutupa.

Juma lililopita nilifungua kasanduku kwenye lupango, hapa uani, ili nikapanguse. Taa ilikuwa nyekundu. Nikatoa kamashini, nikakaweka juu ya ndoo, taa ikageuka bluu. Nikakarudisha, nikafunga, nikachungulia kwa katundu: nyekundu. Nikarudia tena na tena, nikitaka iwe nimekosea. Satelite hazioni kupitia shaba, yaya. Dodo alikuwa anaendesha vilevile siku zote. Zawadi ya Papa ndiyo iliyomunyima kipimo.

Nikaingia ndani kumuambia Dodo. Nikamukuta Papa kando ya kitanda, anamukata Dodo kucha za muguu muzima, huku anamuelezea kwamba kasanduku hakakubonyea hata kidogo siku ile, angalau hiyo ilikuwa kazi ya kweli.

Sasa nakuambia nilichofanya, na ukikasirika uko na haki. Niliwaambia wote wawili kwamba kamashini ulikotuma kalikuwa kabovu tangu dukani, kwamba ulikanunua bila kukajaribu. Dodo akaniomba nirudie. Kisha akauliza kama pikipiki bado iko, na jioni akashika fimbo akajikokota mpaka mulangoni. Lakini Papa akasimama, akasema mutoto wake mukubwa nusura amuue mutoto wake mudogo kwa uvivu wa kutazama kitu. Ndiyo maana hapokei telefone yako. Nilikubebesha mzigo usio wako kwa sababu niliona weye unauweza, na Papa ungemuvunja. Sijui kama ni haki. Sidhani, yaya. Naona haya.

Na hayajaisha. Jana Papa alilegea kidogo. Alisema kama Zéphirin ni mwanaume, atume kamashini kengine kazima. Kasanduku amekasugua upya, kako juu ya kabati kanangoja, na atafunga kafuniko kwa mikono yake mwenyewe. Dodo anacheka tena. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku alipoanguka.

Kwa hiyo nakuomba kwa magoti: kubali kosa, muombe Papa musamaha, na ukinunua mashini nyingine, nunua kubwa. Nyuma ya karatasi hii nimelaza kasanduku na kukazungushia kalamu. Isiingie humo kwa vyovyote.

Musalimie Julie, uwabusu watoto. Mama anasema Mungu awafunike. Ukisha kusoma, choma barua hii, lakini kwanza ukate ule muchoro, uende nao dukani.

Ni miye, dada yako anayekupenda na kukukosea,

Orpa