Siri ya Zuwena Ofisini

Ibra, Jumamosi, 1998

Nina miaka sabini na sita. Nimeyapita mapinduzi ya Unguja, ndui na wake wawili, na meno bado yangu. Leo kanivunja mtoto wa dada yangu.

Jirani yetu Zuwena, mjane, posho yake ya serikali ilikatwa tangu Ramadhani. Jana alimwambia mke wangu, "Natamani nisiamke tena." Basi nikaenda ofisi ya posho, kwa Nasor, mpwa wangu niliyemfunza mwenyewe kusali. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, maana huku Arabuni sisi tuliotoka Unguja hiki ndicho tunachofichia siri zetu:

"Mrudishieni Zuwena posho yake kabla hajajidhuru. Lakini asijue mtu."

"Wallahi hayatoki hapa, mjomba."

Kahawa sijaimaliza, kamgeukia mkubwa wake, mbele ya wanaume wote waliokuwa wakingoja. Kasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya adhana, kwamba Zuwena kaharibika akili, kaka yake aitwe.

"Nasor, mwanahizaya we!"

"Mjomba, ndio utaratibu. Lazima aitwe walii wake, mwanamume wa kumsimamia."

Alasiri kaka mtu kaja, kamfokea dada yake mpaka mtaa wa pili wakasikia. Posho hakuitaja mtu. Zuwena hakumtazama kaka yake. Alinitazama mimi. "Hata wewe, Bwana Seif?"



Mke wangu kahamia kwake na godoro. Hatomwacha peke yake. Naogopa.

Nikiwa nimeongopa, aulizwe mke wangu Moza, na wale wazee waliokuwa wakingoja ofisini na vikombe vya kahawa mkononi. Nasor asiulizwe.