Kiraka cha Shati la Baba: Mwaka Mmoja Bila Mama Rozalia

Mama, mwaka umezunguka sasa tangu ututoke asubuhi ile ya baridi, Juni 1956, hapa Iringa, na uzi wako bado uko kwenye kapu pale pale ulipouacha. Hakuna aliyethubutu kuuhamisha. Paka alijaribu, akapigwa.

Wamesema kumbukumbu hii niandike mimi. Baba Mdogo Kalinga kasema, "Andika vizuri, gazeti linasomwa na watu." Nikamwambia vizuri sijui, nitaandika kama nilivyozoea kusema na Mama. Basi nasema na wewe. Wengine wakisikia, wasikie.

Wewe ulikuwa mtu wa kufuma. Masista walikufundisha kroshia ulipokuwa msichana, na tangu hapo sindano hukuiweka chini. Ulifuma ukienda misa, bonge la uzi kwapani. Ulifuma ukingoja uji uchemke. Ulifuma huku unagombana na sisi, na mkono hata haukosei. Nyumba yetu ya udongo, lakini mtungi una kofia, taa ina kofia, viti vina vitambaa mgongoni, jagi la maziwa lina kitambaa cha shanga pembeni. Baba yetu, Bartholomeo, alikuwa anasema, "Rozalia, iko siku nitasinzia mdomo wazi, nitaamka umenifumia kitambaa cha mdomo."

Ukamjibu, "Nimeshapima."

Hukufuma vya kuuza. Yule mama wa nyumba za maofisa alikuja anataka kitambaa cha meza kama chako, ukamvutia kigoda, ukamwambia, "Keti nikufundishe." Akakaa. Mpaka leo akiniona njiani ananiuliza habari zako kama vile hajasikia, halafu anakumbuka, anaangalia chini.

Na ile blanketi ya viraka, Mama. Mabaki uliyapata kwa jirani yetu fundi Isihaka. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa anayakusanya chini ya cherehani, akikuona unapita anaita, "Shoga, njoo uchukue takataka zako!"

"Takataka zangu ndizo zitakufunika siku mumeo akikufukuza."

"Anifukuze nani? Nyumba yangu, cherehani yake. Atatoka na cherehani kichwani!"

Mnacheka, watu barabarani wanageuka.

Mabaki ya fundi yalikuwa ya pembeni tu. Katikati uliweka watu. Ulikuwa na neno lako: mwenye kiraka ndani ya blanketi hii ni wa nyumba hii. Mimi kiraka changu ni kaptula ya shule, ulikata mguuni maana nyuma palikuwa pameisha kwa kuteleza juu ya majabali. Lea, kitindamimba wetu, kiraka chake ni gauni la ubatizo. Wewe, kanga uliyoolewa nayo. Pale katikati kabisa ukaacha wazi, pa Baba, kwa sababu Baba hakuwa na nguo ya kukatwa. Alikuwa na shati la kanisani na shati la kaki la kazi, basi. Alikuwa anachimba dhahabu Makongolosi. Ulisema, "Akirudi safari hii nitamvua hilo la kaki hapo hapo mlangoni."

Likarudi shati peke yake.

Alilileta mwenzake, Anania, kwa lori kupitia Mbeya. Alisimama mlangoni, shati limekunjwa, anashindwa kulitoa mkononi. Alituambia Baba alilivua kabla ya kushuka, akalitundika kwenye kichaka kwa sababu ya joto. Shimo likajifunga. Walichimba mpaka wakachoka, udongo ukawa unateremka tena. Hakuna maiti. Tukalia msiba bila mtu wa kuzika.

Hicho ndicho kilichokuuma kupita kifo chenyewe. Ulisema tulipokuwa jikoni, mimi nasikia: "Kila mtu ana mahali. Mume wangu mwenyewe ndiye hana. Si kaburi, si jiwe, hana."

Sasa kwa desturi yetu, nguo ya marehemu haikatwi. Siku ya kumaliza msiba inakabidhiwa nzima kwa ndugu yake, anaivaa mbele ya watu, ndipo marehemu anajua amepokelewa na wanaoishi wanabaki salama. Baba Mdogo akasimama, akalivaa lile shati la kaki, akalivuta chini, akajitazama nyuma.

"Shemeji. Hii shati imeliwa na panya?"

Pindo lote la nyuma halikuwepo.

"Panya gani huyo anakata mstari ulionyooka hivi?"

Ukasema, "Panya mwenye mkasi."

Kuna mtu alicheka, akajizuia. Baba Mdogo hakucheka. Na wewe ulikuwa huogopi hata kidogo, Mama. Ulimwambia, "Wewe umepata shati lote. Mimi nimechukua mahali pake pa kukalia tu. Baba yao hana kaburi. Basi awe na kiraka."

Ukamshona katikati. Ukamzungushia uzi mweupe wa kroshia, nukta kwa nukta, kazi nzuri kuliko zote ulizofanya. Tukalala chini ya blanketi ile tukiwa wote wa nyumba. Sitasema uongo, kulikuwa na joto.

Halafu Lea akaugua.

Homa, shingo ikakakamaa kama gogo, hatambui mtu. Dispensari walimpiga sindano, wakasema tungoje. Shangazi Juliana akaja kutoka Idodi juu ya lori la magunia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuomba hata maji. Alifika kitandani, akaona blanketi, akaona kaki.

"Wifi, umemfunika mtoto na maiti."

"Nimemfunika na baba yake."

"Baba yake amekufa, Rozalia! Umewashona wafu na wazima pamoja, unategemea nini? Yuko peke yake kule chini. Anamtaka binti yake."

"Bartholomeo hawezi kunifanyia hivyo."

"Bartholomeo wa zamani. Aliye kule chini wewe humjui."

Siku ile ulikataa. Kesho yake Lea akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, povu. Shangazi hakusema neno tena, alikuangalia tu. Ukaenda ukachukua wembe. Mkasi ulikuwepo, hukuugusa. Ulifumua uzi mmoja mmoja kwa ncha, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Ulipomaliza ukatoka nje nacho.

Uliporudi Shangazi akakuuliza, "Kiko wapi?"

"Kimekwenda kinakotakiwa kwenda."

Jiko lilikuwa linawaka uani. Sote tukaelewa ni moto.

Lea alipona. Alikaa, akanywa uji, akaomba kuku. Tukampigia makofi kwa furaha, naye akawa anaangalia mikono yetu. Ndipo tukajua. Masikio hayakurudi, Mama, wala hayajarudi.

Shangazi akasema ungekitoa mapema angesikia. Lakini mimi uliniambia, tunachambua maharage mchana, hata hukunyanyua uso: "Crispin, nimemfukuza baba yenu nyumbani mwake. Na mtoto hasikii vilevile. Sasa nimepata nini?"

Nikaendelea kuchambua. Swali lako nimepanda nalo lori, nimeshuka nalo, mpaka leo.

Baada ya hapo hukufuma kitu cha nyumba tena. Ulimfundisha Lea tu. Mikono yake ikawa ndiyo masikio yake. Ukimwambia jambo, anaweka kiganja kifuani kwako, anasikia sauti inavyotetemeka ndani, anacheka. Blanketi ukampa yeye, na lile tobo katikati. Mwanahawa alikuletea kitambaa kizuri cha maua uzibe. Ukamwambia, "Asante shoga, acha. Pana mwenyewe."

Na ukaanza tabia ya kushika kifua. Unaongea, mkono kifuani. Unakaa, mkono kifuani. Tukikuuliza, "Mama, unaumwa?" unasema, "Siumwi. Niko sawa." Tukazoea. Hilo ndilo linalotutafuna sisi wote mpaka leo, kwa sababu baridi ya Juni ilipokuja, na upepo ule wa huku juu unaopita kwenye kila tundu, na kichomi kikakuingia kweli, ulikuwa umeshika kifua kama siku zote. Hatukujua. Tulipoanza kusikia unavyopumua, kilikuwa kimeshafika mbali.

Asubuhi ile Lea alikuwa amekaa kitandani kwako, kiganja pale pale. Sisi tunaomba rozari kwa sauti, hatuangalii. Yeye akageuka akatutazama. Hakulia. Aliinua kiganja, akatuonyesha kilivyo kitupu. Ndivyo tulivyojua.

Shangazi Juliana na wanawake wa parokia wakakuosha, wakakuvika. Makaburini Baba Mdogo Kalinga akasema maneno, amevaa lile shati, pindo limeungwa kwa kitambaa kingine. Alisema, "Shemeji, pumzika. Unalala peke yako hapa, mwenzako yuko kwenye shimo la watu." Hayo maneno yalinikaa rohoni mwaka mzima.

Unajua mimi. Ulisema nina siafu kwenye suruali, darasa la nane nimemaliza na kukaa nimeshindwa. Utarishi niliacha, duka la Mhindi niliacha, sasa ni tanboi, utingo wa lori, Iringa na Mbeya, Mbeya na Iringa. Mwezi wa pili tulipata mzigo wa Makongolosi. Nikamwomba dereva aningoje. Nikaenda kuuliza, shimo la akina Bartholomeo liko wapi. Mzee mmoja akanionyesha majani. Nikamwuliza tena, akanionyesha tena majani, mahali pengine. Nikasimama katikati nikamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, Baba," hata sijui nageukia wapi. Nikarudi kwenye lori.

Sasa sikiliza, Mama, ndiyo habari niliyotaka kukupa.

Juzi tulifanya misa yako. Tukarudi nyumbani, watu wanakula. Shangazi Juliana sahani yake mbele, hagusi. Baba Mdogo akamtania, "Dada, ugali wa mjini umekukataa?"

Shangazi akasema, "Nilikiona."

"Ulikiona nini?"

"Kile kiraka. Siku tunamwosha. Kilikuwa kimeshonwa ndani ya shimizi yake, upande wa moyo, na uzi wake mweupe kakizungushia. Hakukichoma. Alikuwa anatembea naye."

Mwanahawa alijifunika uso kwa kanga. Mimi niliona mkono wako, Mama, ule mkono kifuani.

"Nikachukua wembe," Shangazi akaendelea, "nikitoe. Nilisema wafu wasibebane. Na mimi ndiye niliyesema kitoke kwa mtoto. Mkono ukakataa. Nikamvika shimizi ileile, nikamfunga sanda juu yake, nikanyamaza. Mwaka mzima nangoja balaa. Halikuja. Ugali ndio hauteremki."

Baba Mdogo alisukuma sahani yake. Halafu akasema, "Kumbe mmenizikia kaka yangu bila kuniita."

Akatoka nje. Tukadhani amekasirika. Nikamfuata, nikamkuta amelivua lile shati la kaki alilovaa misani, amelikunja, amelishika mbele kama Anania alivyolishika siku ile. Nikasema, "Baba Mdogo, baridi." Akaniuliza, "Wewe msomi wa malori, ile rangi nyeupe mnayoandikia kwenye mbao za gari, unayo?"

Tulipokuwa tunaondoka kwenda makaburini Lea alikuja akauliza kwa mikono, kuna nini. Nikajaribu kumweleza: nikaonyesha shati, nikaonyesha kiraka, nikaonyesha kifua chako. Akanitazama kama mimi ndiye kiziwi. Akajipiga kifuani taratibu, mara nyingi, anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo. Alikuwa anajua, Mama. Yeye ndiye aliyekuwa anaweka kiganja pale kila siku. Alikuwa anaongea na ninyi wote wawili, na sisi tulikuwa hatuna habari.

Msalaba wako sasa una majina mawili. Maandishi yangu hayakunyooka, rangi imechuruzika kwenye T ya Bartholomeo, utanisamehe. Baba Mdogo alishika ubao usitikisike. Shangazi alipanga mawe, akayapanga kwa upana wa watu wawili. Tobo la blanketi Lea hataki lizibwe. Anapitisha mkono pale akilala, na anajua anamshika nani.

Tunaokukumbuka ni sisi: mwanao Crispin na binti yako Lea, shemeji yako Kalinga na nyumba yake, wifi yako Juliana wa Idodi, rafiki yako Mwanahawa na mumewe fundi Isihaka, waliokupa mabaki, na Anania wa Makongolosi, aliyelileta shati.

Lala, Mama. Baba naye alale, ameshafika nyumbani. Siku zote tutawakumbuka, wewe na yeye.