Dakika Tatu na Mama Yake Michiko

Marani, Ijumaa, Aprili 1974

Mvua ilianza alfajiri na imekatika sasa hivi. Naandika upesi kabla jua halijazama, Sabato isije ikanikuta na kalamu mkononi.

Leo nimezungumza Kijapani na mtu aliye Japani.

Nimeiandika hivyo ili niisome mwenyewe niamini. Kijapani chenyewe sina. Nina maneno kama thelathini, yote nimeyaokota kwa Sista Michiko, mkunga aliyetumwa kutoka kwao mwaka jana kuja kusaidia kwenye zahanati yetu. Mimi ni msaidizi wake. Tukichemsha vifaa asubuhi yeye hutaja neno, nami huliandika kama nilivyolisikia. Maji ni mizu. Kazi ni shigoto. Mtoto mchanga ni akachan. Jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi maneno hayo yanavyokaa vizuri mdomoni mwetu. Hayaumi ulimi kama Kiingereza.

Halafu yakaanza kunichezea. Siku moja Michiko alionyesha kikapu changu akauliza, "Nani?" Nikamtajia jina la shangazi aliyekisuka. Kumbe nani kwao ni nini, na alitaka tu kujua nimebeba chakula gani. Na hai kwao ni ndiyo. Tangu nijue hilo, kila nikisikia mtu akisema fulani yu hai, moyoni naitikia kwamba ndiyo, ndiyo.

Mama yake Michiko ni mjane, anaishi kijijini kusini kabisa mwa nchi yao, na hana simu. Kwa barua zilizochukua wiki nyingi walipatana hivi: leo saa nne asubuhi mama ataenda dukani kwa jirani mwenye simu, na Michiko atangoja posta ya Kisii. Tangu aondoke kwao hakuna aliyesikia sauti ya mwenzake hata mara moja. Wiki hii yote Michiko alikuwa hali chakula vizuri.

Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshavaa makoti. Hapo ndipo alipoletwa mama mmoja kwa machela, mimba ya kwanza, uchungu umemshika tangu jana jioni na mtoto anatanguliza miguu. Michiko aliitazama saa ya ukutani, akamtazama yule mama, akavua koti.

"Tangulia, Kerubo," akaniambia. "Mwambie karani nakuja."

Nilipata nafasi kwenye lori la ndizi. Kufika saa nne, mimi nimo posta na Michiko hayumo. Niungame hapa: nilikuwa naomba laini iharibike.

Haikuharibika. Karani wa simu, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua kile kijumba cha simu akasema Japani iko kwenye laini. Nikamweleza kwamba mwenyewe hajafika. Akasema muda ni dakika tatu, nazo zimeshaanza kwenda, na mimi nikikataa, yule mama ataambiwa tu kwamba binti yake hakupatikana.

"Ingia wewe," alisema. "Mzazi asijibiwe na kimya."

Nikaingia.

Kulikuwa na mvumo kama wa upepo kwenye migomba, kisha sauti ndogo ya mwanamke ikaita jina la Michiko mara mbili. Maneno yangu thelathini yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nilijitaja jina. Nikasema Michiko-san ni genki, yaani mzima. Yule mama akamwaga maneno mengi. Nilitaka kumweleza kwa nini mwanawe hayupo, nikatafuta, nikapata neno moja tu.

"Michiko-san," nikasema, "akachan."

Akauliza kitu, polepole sana, na ndani yake nikasikia Michiko na akachan. Nilifurahi kwamba ameelewa, nikajibu kwa nguvu, "Hai!"

Alivuta pumzi, na nilimsikia akiivuta, maelfu ya maili. Hapo ndipo nilipotambua nimemwambia nini. Nimemwambia binti yake, ambaye hajaolewa, amezaa mtoto huku Kisii.

Nikasema iie, iie, yaani hapana, hapana. Nikaongeza Kenya no akachan, mtoto wa Kenya, jambo ambalo nadhani lilizidisha ubaya. Mwishowe nikalikumbuka lile neno la kazi, na nikalirudia kama mtu anayebisha hodi: Michiko-san, shigoto. Akachan, shigoto. Shigoto.

Mama akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema sentensi moja, taratibu, akairudia. Sikuielewa hata kidogo. Laini ikakatika.

Nilimnyang'anya karani kalamu yake bila adabu, nikaiandika nyuma ya fomu ya telegramu kabla haijanitoka kichwani: kaze hikan goto ne.

Michiko alifika baada ya nusu saa, amepakiwa kwenye pikipiki ya bwana afya, tope hadi magotini. Mtoto ni msichana, amelia vizuri, na mama yake salama. Aliyasema hayo akiwa bado anakitazama kijumba cha simu. Karani akatikisa kichwa.

Nilimweleza yote, hata lile la kumzulia mtoto. Alijifunika uso. Nilidhani analia, kumbe anacheka. Nikampa ile fomu. Akaisoma kimya, kisha kwa sauti, na safari hii alikuwa analia kweli.

Nilimuuliza kama nimekosea kuandika, maana mimi kwa maneno yale niliwaza labda ni baraka fulani kubwa, labda ni wosia. Akasema hapana.

"Anasema nisishikwe na mafua."

Basi. Ameenda dukani kwa jirani, ametuma sauti yake hadi huku, na hilo ndilo alilokuwa nalo.

Lakini lililonifanya nisitulie mpaka saa hii ni alilolisema baadaye, tukirudi kwa miguu hadi kituo cha malori. Alisema kitabuni, na kwenye Kijapani anachonifundisha mimi, sentensi ile ingekuwa hikanai, tena ndefu zaidi. Hikan goto ni lugha ya kijijini kwao. Shuleni walimu waliwakataza, na alipokwenda mjini kusomea ukunga aliificha ili wenzake wasimcheke. Hakuwahi kuiona imeandikwa na mtu yeyote, sembuse mtu wa Marani.

Kwa hiyo hata wao wana lugha ya nyumbani na lugha ya kuwatokea watu. Kama sisi: Ekegusii jikoni kwa mama, Kiswahili sokoni Kisii na kwa bwana afya. Mwaka mzima nimekuwa nikijifunza ile ya kuwatokea watu, nami nikidhani ndiyo yote.

Jumatatu nitamwomba aanze upya na mimi, kwa maneno ya kwao. Nitaanza kwa kumuuliza mama yake humwitaje akiwa amemkasirikia. Sijui kama atakubali kunijibu.