Ndege ya Alhamisi

Ganjoni, Mombasa
9 Januari 2025

Mwanangu Kadzo,

Hujambo? Huko Sharja wasemaje? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mamako linalomsumbua akipanda ngazi. Joto la mwezi huu unalijua, sina haja ya kukueleza.

Najua wenzio hukucheka kuwa na baba wa barua. Waache wacheke. Miaka ishirini na saba ya kusimama karibu na injini imeniachia sikio moja, nalo kwenye simu halisikii ila mvumo. Heri karatasi, maadamu marubani wa ndege ya mizigo ya Alhamisi hawakatai kukuchukulia.

Leo nina swali. Godauni letu la mizigo hapa uwanja wa ndege limejaa maneno. Wanasema avokado zote sasa zinakwenda kwa meli, ndani ya makontena ya baridi, na kwamba ndege zinahamishiwa Uchina kubeba vifurushi ambavyo watu huagiza kwa simu. Avokado na ziende, zina subira. Lakini pweza hana subira, wala asumini za Bi Swafia wa Ndia Kuu. Matumba yake huchumwa Alhamisi alfajiri, yakatungwa makoja, na Ijumaa, yakishapitia kwenu, yanafunguka shingoni mwa bibi harusi huko Maskati. Hayo meli itayafanyia nini?

Sasa ameletewa maagizo ya harusi za baada ya Idi, mengi kuliko aliyowahi kupata. Anataka kukodi chumba na kuwaita wanawake wa mtaani wamsaidie kutunga. Juzi aliniuliza, "Mzee Thoya, ndege hii ipo au haipo? Nambia nijue." Nikamjibu kwamba binti yangu ni miongoni mwa wanaopanga safari za ndege hiyo, nitamuuliza.

Basi nakuuliza.

Ni mimi babako,
Thoya

*

Sharja
16 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata ikinuka pweza, nikacheka peke yangu ofisini. Mimi ni mzima. Mwambie mama apunguze ngazi, nguo za juu aanikiwe na mtu mwingine.

Kuhusu vifurushi, ni kweli vimetuelemea. Kuna siku ndege nzima inajaa nguo na viatu kutoka Guangzhou, kila kifurushi kina jina la mtu, na mwenyewe anataka kimfikie kesho. Ndege ya huko inajaa kwenda na kurudi. Ya Mombasa huja kwetu imejaa, ikarudi kwenu nusu tupu. Wakubwa wanayatazama hayo.

Lakini kwenye ratiba iliyo mbele yangu leo, Mombasa ipo kila Alhamisi. Hilo ndilo ninaloweza kusema.

Mwanao,
Kadzo

*

Ganjoni
6 Februari 2025

Mwanangu,

Natumai hujambo. Goti la mamako limepata nafuu kidogo, anakusalimu na anauliza unakula nini.

Jibu lako nililisoma mara mbili, kisha nikampelekea Bi Swafia mwenyewe kwa miguu yangu. Amekodi chumba cha juu pale Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago, na wanawake tisa wamekwisha kubali. Mmoja ni Mwanarusi, aliyekuwa mpishi kwenye shule moja ya Kizingo. Ameacha kazi yake ya miaka sita. Nilimuuliza kama amefikiri vizuri, akanambia, "Baba, kule nachemsha maharagwe ya watu. Huku nitakuwa na sehemu yangu."

Walinikaribisha kahawa na halwa. Bi Swafia akawaambia, "Huyu ndiye mwenye ndege." Nikamwambia asinipe cheo kisicho changu, lakini nakuambia kweli, mwanangu, nilitoka pale nikitembea kama mtu. Godaunini sasa mtu akianza maneno ya Uchina namnyamazisha. Nawaambia, lingekuwepo jambo, Kadzo angenieleza.

Babako

*

Sharja
13 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nimesita sana kukuandikia haya. Kama Bi Swafia hajayapokea maagizo yote, mwambie apokee nusu tu. Mwanarusi naye, ikiwezekana, asiikate kamba na ile shule. Usiniulize kwa nini. Tafadhali mpelekee neno hili.

Salimia mama.

Kadzo

*

Ganjoni
12 Aprili 2025

Kadzo,

Tu wazima. Levi, mwenzangu wa godauni, ndiye anayeipiga picha barua hii akutumie kwa simu yake, maana ndege ya kuibeba haipo.

Juzi Alhamisi masanduku yalifika mapema. Ya Bi Swafia yalikuwa arubaini. Wanawake walikuwa wameanza kutunga kabla ya jua, nao wenyewe, wote kumi, wakaja nayo kwa magari mawili hadi langoni, kwa vile walitaka kuiona ndege ikiruka. Askari hakuwaruhusu kuingia. Wakakaa nje kwenye kivuli cha ukuta, na watoto wawili.

Saa tano ilikuja karatasi. Mistari minne. Safari ya Mombasa imesitishwa kuanzia siku hiyo hiyo. Meneja aliisoma, akaniwekea mezani, akaingia ofisini kwake akafunga mlango.

Tulihangaika, Kadzo. Ndege za abiria zilichukua masanduku matatu, nafasi zaidi hazikuwapo. Pweza tulimtia kwenye barafu. Asumini hazikungoja mtu. Kufika alasiri zilianza kufunguka ndani ya masanduku, na godauni lote, lile lililozoea kunuka mafuta na samaki, likanukia kama nyumba ya harusi. Vijana wa kubeba walisimama tu. Levi alitoka nje.

Ni mimi niliyekwenda langoni. Bi Swafia alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akauliza, "Mwanao alijua?"

Nikamwambia sijui.

Mwanarusi aliinuka pale kivulini. Aliwashika mkono watoto wake akaenda zake kwa miguu, jua lile.

Sasa nataka jibu la neno moja. Ulijua?

Thoya

*

Sharja
13 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia.

Nilijua.

Nilijua tangu Desemba. Orodha ya safari za kukatwa niliichapa mimi kwa mikono yangu, na Mombasa ilikuwa ya tatu. Niliitetea mara mbili kwenye mkutano. Nilisema kuna mizigo isiyoweza kungoja meli. Mkubwa wangu akaniambia kila kituo kina hadithi yake. Tulikuwa tumetia saini kwamba hakuna kutamka hadi siku yenyewe, ili wateja wasikimbie mapema. Ningetamka ningefukuzwa, na kibali changu cha kukaa huku kiko mikononi mwao.

Uliponiuliza Januari, nilitafuta sentensi ambayo si uongo. Nikaipata. Nimekuwa nikiisoma kichwani tangu juzi na ni mbaya kuliko uongo.

Nijibu baba, hata kwa ukali.

Mwanao

*

Sharja
25 Mei 2025

Baba na mama,

Shikamooni. Hii ni ya nne tangu Aprili. Levi, ambaye namtumia kwa simu akuchapishie, ananiambia zinakufikia, unazisoma, unazikunja. Ananiambia pia godauni limefungwa upande mmoja na watu kumi na wanne wamepewa barua za kwaheri. Hakuniambia kama wewe umo.

Goti la mama likoje? Hilo tu nijibuni.

Kadzo

*

Sharja
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nakueleza yaliyonipata, usiyasikie kwa mwingine.

Mwezi wa tano Marekani ilianza kutoza ushuru vile vifurushi vidogo vya Uchina vilivyokuwa vikiingia bure. Mizigo ya njia ile ikaporomoka. Ndege zilizochukuliwa kwenu na kwingineko zikakaa uwanjani zimefunikwa injini. Niliinuka mkutanoni nikasema, basi irudisheni ya Mombasa. Wakasema wateja wa Mombasa wamekwisha zoea meli. Zile ndege zikapangiwa Ulaya, na mimi nikapewa kuchapa orodha nyingine ya vituo vya kukatwa.

Jumatatu alinipigia mtu wa kituo cha Chatogramu, Bangladeshi. Sijawahi kumwona, namjua kwa sauti. Akaniuliza, "Dada, sisi tupo?" Nikamwambia, "Hampo. Mwisho ni Septemba. Waambie watu wako."

Jumatano niliitwa. Alhamisi nikakabidhi kitambulisho cha kazi. Nina siku chache za kukaa huku, kisha nitarudi Mombasa. Sikuandiki haya unisifu. Wale wa Chatogramu nimewaambia, nyinyi sikuwaambia.

Sijui kama nina mlango wa kubisha.

Mwanao,
Kadzo

*

Ganjoni
3 Agosti 2025

Mwanangu Kadzo,

Marahaba, na zile ulizoandika tangu Aprili zote, marahaba. Goti la mamako ni lile lile. Hulia akisoma barua zako, kisha hunigombeza mimi.

Kunyamaza kwangu kulikuwa hasira miezi miwili ya kwanza. Baada ya hapo kulikuwa aibu. Barua yako ya Machi niliipata, Kadzo. Sikumpelekea Bi Swafia. Nilikwisha kunywa kahawa yao, nimekwisha itwa mwenye ndege. Nilijiambia wewe ni mwoga tangu utotoni, nikaitia mfukoni. Masanduku ishirini kati ya yale arubaini ni yangu mimi.

Nilikwenda kumwambia wiki iliyopita, yako na yangu. Alikuwa peke yake chumbani, anatunga vikuba vichache, vile vishada vya asumini, vya harusi ya hapa hapa mjini. Chumba anakiachia mwezi huu. Akanambia, "Mzee Thoya, ndege ni ya wenyewe, sina neno nayo. Mimi nilikuuliza wewe." Akaendelea kutunga.

Mwanarusi shule haikumrudisha. Anafua nguo za watu Kizingo.

Mimi kazi ninayo hadi Desemba, kuhesabu makontena ya baridi huko gatini Mbaraki. Ni mahali pa kimya. Nafika, naandika, narudi.

Hilo la Chatogramu nimemsomea mamako kwa sauti.

Mlango upo, hauna haja ya kubisha. Lakini ukishuka, usije Ganjoni kwanza, hata kama mamako amekupikia. Nenda Ndia Kuu, panda ngazi, kaa chini usikilize lolote utakaloambiwa. Nitakungoja pale mlangoni, tupande pamoja.

Babako,
Thoya